Daftari la Majeruhi

Mtu aliyepasuliwa uso kwa gilasi usiku wa Jumamosi, japo aona haya au achelea kisasi hata asithubutu kukanyaga kituo cha polisi, hana budi kwenda hospitali kushonwa. Na hilo ndilo alilolibaini Jonathan Shepherd, tabibu mpasuaji wa nyuso na mataya katika mji wa Cardiff, nchi ya Wales, alipoona kwamba wengi wa majeruhi wake hawakuwamo kabisa katika hesabu za askari. Ikawa basi kila aliyepigwa huulizwa katika mapokezi ya dharura alipigwa mahala gani, saa ngapi na kwa silaha gani, kisha habari hizo, zikiisha kuondolewa jina, hupelekewa polisi na baraza la mji, wakajua kilabu kipi kina shari na barabara ipi yataka doria. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliolazwa Cardiff kwa kupigwa walipungua kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila watu 100,000, ilhali katika miji iliyolinganishwa nao waliongezeka kutoka 5 hadi 8.

Sisi Tanzania tunayo PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, lakini karatasi ile, insafu isemwe, aghalabu huanzia polisi na kuishia katika jalada la kesi moja. Rai yangu ni karani wa mapokezi apewe daftari lake, lisilo na majina. Maana mwanamke aliyepigwa na mumewe, akidhani atatajwa, atasema aliteleza bafuni.