Gari Dogo Halina Faida? Hesabu Inakataa

Kila kampuni kubwa ya magari inapofuta gari dogo, sababu zinazotolewa ni zile zile.

Eti wateja hawayataki. Waulizwe Waingereza. Ford Fiesta iliongoza mauzo ya magari mapya nchini mwao mwaka hadi mwaka, kuanzia 2009 hadi 2020. Julai 2023 Ford ikaacha kuiunda, na kiwanda chake cha Cologne, Ujerumani, kikageuzwa kuunda magari ya umeme makubwa na ghali zaidi. Marekani nako sheria zimetia mkono: viwango vya matumizi ya mafuta vilipangwa kwa ukubwa wa gari, dogo likabanwa kuliko kubwa, na tangu 1964 ushuru wa asilimia 25 unazilinda pikapu za nyumbani.

Kwamba gari dogo halina faida, hapo pana ukweli, na asiyeukubali anajidanganya. Gharama za breki, mifuko ya hewa, majaribio ya ajali na saa za mafundi haziteremki kwa kadiri bei inavyoteremka. Lakini faida nyembamba si hasara, na dawa yake ni wingi. Suzuki imetawala soko la India kupitia kampuni ya Maruti, na ngazi yake ya kwanza ilikuwa Maruti 800 ya mwaka 1983. Japani, magari ya kei, yenye injini isiyozidi CC 660, ni takriban theluthi ya magari mapya yanayouzwa. Tata Nano ilianguka, sawa; ilinadiwa kuwa gari la bei ya chini kuliko yote duniani, na nani anunue gari ili atangaze ufukara wake?

Hoja ya kwamba betri ni ghali mno kwa gari dogo ndiyo inayonishangaza zaidi, maana inawageukia wanaoitoa. Nissan Sakura, kei ya umeme, ina betri ya kilowati-saa 20. GMC Hummer ya umeme inabeba zaidi ya 200. Kwa wastani wa bei ya dunia wa mwaka 2024 uliotolewa na BloombergNEF, dola 115 kwa kilowati-saa, hiyo ni dola 2,300 dhidi ya 23,000 na ushee. Ni kweli betri ndogo huwa ghali kidogo kwa kila kilowati-saa, kwa kuwa kasha na vifaa vyake vya kielektroniki havipungui sana. Ongeza hata nusu ya bei, pengo bado ni pana.

Inabaki China: eti Wachina wanauza rahisi kwa sababu serikali inawalipia. Ruzuku zimekuwapo, tena nyingi. Ila ruzuku ya taifa kwa mnunuzi wa gari la umeme ilikoma mwishoni mwa 2022, ukabaki msamaha wa kodi ya ununuzi, na gari dogo la umeme la kampuni ya Kichina ya BYD, Seagull, likaingia sokoni Aprili 2023 kwa yuan 73,800. BYD ilianza na betri mwaka 1995, magari yakafuata. Hujitengenezea betri zisizo na kobalti wala nikeli.

Mwaka huo huo wa 2023, kitengo cha magari ya umeme cha Ford kilipata hasara ya dola bilioni 4.7. Kilikuwa kikiuza Mustang Mach-E, pikapu ya F-150 Lightning na gari la mizigo la E-Transit. Gari dogo halikuwamo.