Kinyonga Anapoteleza Tawini

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya mnyama ambaye wengi wetu tulilelewa tukimkimbia. Huyo ni kinyonga.

Mama mmoja wa Kerende, wilayani Tarime, ametuandikia kuwa mwanawe wa miaka tisa amefuga kinyonga ndani ya boksi kwa muda wa miezi miwili. Alimwokota kwenye ua. Mwanzoni kinyonga alikuwa akipanda kijiti chake bila shida. Sasa anashika na kuachia, anapanda hatua mbili na kuanguka, na usiku analala chini kwenye sakafu ya boksi. Mtoto analia. Baba anasema atupwe. Majirani nao wameanza kunong'ona kuwa nyumba inayokaa na kinyonga si nyumba njema. Mama anatuuliza afanye nini.

Tuanze na hao majirani, maana mnong'ono ukikaa sana hugeuka kuwa jambo kubwa. Kinyonga hana sumu. Akikuuma atakubana tu, na mara nyingi hata ngozi haitatoboka. Macho yake hugeuka kila moja upande wake kwa sababu ndivyo anavyomtafuta mdudu bila kusogeza kichwa. Rangi yake hubadilika kwa ajili ya joto, baridi, hofu, hasira, na kwa kumwona kinyonga mwenzake. Akiyumbayumba anapotembea, anafanana na jani linalopeperushwa, na ndege hamwoni. Hakuna uchawi hapo. Mama anayeeleza mambo haya kwa utulivu mbele ya jirani zake anamkinga mwanawe, na anamkinga pia huyo mnyama. Wapo watu wanaomtia kinyonga ugoro mdomoni ili wamwone akibadilika rangi mpaka afe. Tusikubali mchezo huo ufanyike mbele ya watoto wetu.

MGUU WA KINYONGA

Ili tujue kwa nini anaanguka, tutazame kwanza anavyoshika. Kinyonga ana vidole vitano katika kila mguu, lakini vimeungana mafungu mawili, kama koleo ya fundi. Miguu ya mbele ina vidole viwili upande wa nje na vitatu upande wa ndani. Miguu ya nyuma ni kinyume chake: vitatu nje, viwili ndani. Kila kidole kina ukucha mkali. Mkia nao ni kama mguu wa tano, huuzungusha kwenye tawi na kujifunga. Mkia huo ukikatika hauoti tena, tofauti na mkia wa mjusi wa ukutani.

Kushika kwake si kwa ajili ya kutembea tu. Akitaka kula, hujikaza kwenye tawi kwa miguu ya nyuma na mkia, halafu hutupa ulimi ambao ukinyooka huupita urefu wa mwili wake. Kinyonga asiyeweza kushika hawezi kulenga, na asiyeweza kulenga atalala njaa hata kama mbele yake pamejaa panzi. Ndiyo maana kuteleza si jambo dogo kwake.

SABABU ZA KUTELEZA

Mara nyingine mgonjwa si kinyonga, ni kijiti. Mguu ule uliumbwa kuzunguka tawi. Ukimpa ubao bapa, bomba la plastiki, au fito nene kuliko mguu wake, atateleza hata akiwa mzima. Mpatie matawi mabichi yenye magamba, mengine membamba kama penseli na mengine manene kama kidole cha mtu mzima, yafungwe imara yasizunguke. Kisha mtazame mchana kukiwa na joto, usimpime alfajiri. Kinyonga hana joto lake mwenyewe, hulipata juani, na asubuhi ya baridi miguu yake huwa mizito.

Sababu ya pili ni kiu. Vinyonga wengi hawanywi maji ya bakulini, maana hawayatambui. Wao hunywa matone yaliyo juu ya majani. Kinyonga anaweza kufa kwa kiu huku bakuli limejaa maji. Macho yakibonyea ndani na ngozi ikikunjamana, ujue ni kiu. Nyunyizia majani asubuhi na jioni, taratibu, kwa muda wa kutosha, mpaka umwone akilamba.

Sababu ya tatu ni majeraha, na hapa watoto ndio wenye makosa mara nyingi, bila kukusudia. Mtoto humshika kinyonga mgongoni na kumvuta. Yeye kwa hofu hukaza kucha, na kucha hung'oka au kidole huteguka. Wengine humfunga uzi mguuni. Wakati mwingine ngozi kuukuu hubaki imezunguka kidole kama pete, ikabana damu mpaka kidole kikawa cheusi. Mwonyesheni mtoto namna hii: weka kijiti au kidole mbele yake, chini kidogo ya kifua, umwache apande mwenyewe. Asipotaka, mwache.

Sababu ya nne, nayo ndiyo tunayoishuku zaidi kwa kinyonga aliyekaa ndani ya boksi miezi miwili, ni mifupa kulegea. Mwili wake unahitaji madini ya chokaa, yaani kalsiamu. Ili chakula kimfae, anahitaji vitamini D, ambayo ngozi yake huitengeneza kwa mwanga wa jua. Panzi na nyenje wana kalsiamu kidogo. Porini hula wadudu wa namna nyingi na huota jua kila siku. Ndani ya boksi hula aina moja ya mdudu na jua halioni. Basi mwili huanza kukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake wenyewe. Dalili zake ni hizi: miguu kupinda kama upinde, kutembea akiburuza viwiko, kutetemeka, taya kuwa laini, ulimi kutofika mbali, na kushika mguu wake mwenyewe au mwili wake badala ya tawi. Ukiona hiyo ya mwisho, usingoje.

Ya tano ni kwa majike. Jike la kinyonga yule wa kawaida wa nchi yetu, mwenye vipande vya ngozi kama masikio shingoni, hushuka chini kuchimba shimo na kutaga mayai kwa makumi. Mayai hayo huchukua kalsiamu nyingi mwilini mwake. Jike lenye tumbo kubwa, linalohangaika chini na kukwaruza sakafu, halijashindwa kupanda, linatafuta udongo. Lisipoupata laweza kufa na mayai tumboni.

La mwisho, ukiona kifundo kimevimba, ni chekundu au kina usaha, hiyo si kazi ya jikoni. Mpeleke kwa bwana mifugo.

LA KUFANYA SASA

Mama mpendwa, kwanza mtoe ndani ya boksi. Kama una mti mdogo au kichaka karibu na nyumba, mweke hapo mchana ukiwa unamwangalia, penye jua na kivuli, ili achague mwenyewe. Usimweke juani ndani ya chupa, mfuko wa nailoni au ndoo, ataungua. Na jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii, kwa sababu kioo huzuia ule mwanga unaotengeneza vitamini D. Waangalie kuku na paka.

Pili, mpe maji ya matone kama tulivyoeleza.

Tatu, chukua maganda ya mayai, yachemshe, yaanike, yasage mpaka yawe laini kama unga. Chukua panzi, mpake unga huo kidogo, umpe. Usitumie chokaa ya kujengea nyumba, inaunguza. Usimpe vidonge vya binadamu kwa kukisia. Ugali na maziwa si chakula chake. Wala usimpe wadudu waliotoka kwenye shamba lililopigwa dawa, au waliouawa kwa dawa ya kupuliza nyumbani.

Nne, tuseme ukweli ili mtoto asidanganywe. Mfupa uliolegea waweza kukaza tena, lakini uliokwisha kupinda haunyooki. Taya ikiwa laini na mnyama hali tena, huenda asipone. Mwambieni mtoto hivyo kwa upole, msingoje mpaka amkute amekufa.

ARUDI ALIKOTOKA

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka mtu awe na kibali kabla ya kufuga mnyama wa porini. Hatusemi haya ili kumtisha mtoto wa miaka tisa. Tunasema ili mzazi ajue kuwa mwisho mwema wa habari hii ni kinyonga kurudi kwenye ua alikookotwa, na kwamba akiwa dhaifu, afisa wa wanyamapori au wa mifugo wa wilaya ndiye wa kushauriwa.

Na arudi palepale alipotoka, siyo popote. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walisafirishwa mpaka visiwa vya Hawaii, Marekani, kuuzwa kwa watu wanaopenda kufuga. Walifika wamekonda na kukauka kwa safari. Mwenye biashara akawaachia katika bustani yake wapate nguvu. Wakapata jua, mvua na matawi, wakapona, wakatawanyika. Leo wako katika visiwa kadhaa vya huko, na wanakula konokono na wadudu wa asili ambao hawapatikani mahali pengine duniani. Kisa hicho kina mafunzo mawili. Kwanza, jua na tawi bichi ni dawa kubwa kwa kinyonga. Pili, mnyama akiachiwa mahali pasipo pake huwa balaa kwa wengine.

Siku ya kumrudisha, iwe mchana kuna joto, apate muda wa kupanda kabla giza halijaingia. Awekwe kwenye tawi, asiachwe chini. Mtoto mwenyewe ndiye amrudishe. Tena aruhusiwe kwenda kumtafuta kila jioni kwa tochi, maana usiku kinyonga hulala akiwa amefifia rangi na ni rahisi kumwona. Atajifunza mengi zaidi hapo kuliko ndani ya boksi.

NA WATOTO WETU JE?

Akina mama, bila shaka mmekwisha kutambua kuwa ugonjwa huu wa mifupa kulegea si mgeni kwetu. Kwa mtoto wa binadamu tunauita matege. Chanzo ni kilekile: kalsiamu haitoshi, au jua halitoshi, au vyote viwili. Mtoto mchanga anayefungiwa ndani miezi mingi na kufunikwa nguo mwili mzima hupungukiwa vitamini D. Lakini hata mtoto anayecheza juani kutwa anaweza kupata matege kama chakula chake ni uji mweupe na ugali wa muhogo tu. Utafiti uliotolewa mwaka 1999 kutoka Nigeria ulionyesha hivyo: watoto wenye matege waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake.

Sisi wa mkoa wa Mara hatuna sababu ya kulia. Dagaa wa Ziwa Victoria, akiliwa mzima pamoja na mifupa yake, ana kalsiamu nyingi. Ulezi unaolimwa na Wakurya tangu enzi za mababu unapita mahindi mbali sana kwa madini hayo. Maziwa yapo. Mboga za majani zipo. Mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza kulishwa, akipewa uji wa ulezi uliotiwa maziwa, au uliochanganywa na dagaa waliosagwa laini, anajengewa miguu yake. Mara nyingi tunauza dagaa na maziwa ili tununue soda na biskuti, halafu tunashangaa miguu ya mtoto.

Miguu ya mtoto mchanga kuwa na upinde kidogo ni kawaida, na mara nyingi hunyooka yenyewe baada ya kuanza kutembea. Lakini kama amepita miaka miwili na upinde bado upo au unazidi, au vifundo vya mikono vimevimba, au amechelewa sana kusimama, mpeleke kliniki mapema. Usimfunge vijiti miguuni, wala usiende kumchanja chale. Mfupa wa mtoto anayekua bado unaweza kunyooka akitibiwa kwa wakati, na hapo mtoto ana bahati ambayo kinyonga hana.

Mwezi ujao tutaendelea na habari za uji wa watoto na namna ya kuuhifadhi wakati wa mvua. Kama una swali juu ya nyumba, watoto au wanyama wanaokaa nanyi, tuandikie.