Kioo cha "oganiki" si mboji: tusinunue neno

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo sitaongelea viwavijeshi wala mbolea. Nataka tuongee kuhusu kioo cha simu, kwa sababu kimeingia shambani na kimekula fedha ya palizi.

Mwezi Januari, baada ya kikao cha kikundi upande wa Mpimbwe, mama mmoja mkulima wa mpunga alinifuata chini ya mwembe. "Shikamoo, bwana shamba." Nikaitikia. Akafungua fundo la khanga, akatoa simu. Pembeni mwa kioo palikuwa na ufa mmoja mwembamba, na kutoka kwenye ufa ule doa jeusi lilikuwa limesambaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

"Nilinunua mnadani mwezi wa saba, nilipouza mpunga," akasema. "Muuzaji aliniambia kioo chake ni cha oganiki. Hakina kemikali, hakiumizi macho, hakiharibiki. Nikasema basi, si ndiyo hiyo oganiki anayotufundisha bwana shamba?"

Nilikosa la kujibu kwa haraka. Neno lile ni kweli nimelileta mimi pale kijijini, nikifundisha mboji na samadi. Sasa mtu mwingine amelichukua na kulitumia kumtoa mama huyu fedha. Kwa hiyo nina deni la kulieleza vizuri, na maoni yangu nayasema mapema: kioo cha aina hii ni kazi nzuri ya wataalamu, lakini kwa wengi wetu hapa Katavi hakistahili gunia hata moja la ziada, na anayekiuza kwa jina la kilimo hai anatudanganya.

Oganiki mbili tofauti

Sisi tukisema oganiki tunamaanisha kilimo kisichotumia mbolea na viuatilifu vya viwandani. Mkemia akisema neno hilohilo anamaanisha vitu vilivyojengwa kwa kaboni, basi. Kwa hesabu ya mkemia, sukari ni oganiki, dizeli ni oganiki, mfuko wa plastiki ni oganiki, na hata dawa nyingi za kuua magugu ni oganiki. Unaona namna neno moja linavyoweza kuvaa nguo mbili.

Kwenye boksi la simu utaona maandishi OLED au AMOLED. Herufi ya O imetokana na oganiki hiyo ya mkemia. Maana yake ni kwamba kinachotoa mwanga ndani ya kioo ni tabaka za kemikali za kaboni, nyembamba kiasi kwamba zote kwa pamoja hazifikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Tabaka hizo zimebanwa katikati ya vipitisha umeme viwili. Umeme ukipita, chaji hasi zinatoka upande mmoja na chaji chanya upande mwingine, zinakutana katikati, na pale zinapokutana mwanga unatoka. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, wakiwa kampuni ya Kodak huko Marekani, walionyesha kwamba tabaka mbili tu za namna hiyo zinaweza kuwaka vizuri kwa umeme mdogo. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakaonyesha kwamba hata aina fulani ya plastiki inaweza kuwaka hivyo.

Kwa hiyo kusema kioo hicho "hakina kemikali" ni uongo. Chenyewe ni kemikali tupu, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya uko kwenye kumficha mnunuzi.

Kipi kinawaka?

Simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha kawaida, kile ambacho boksi linaandika LCD au IPS. Hicho hakiwaki chenyewe. Nyuma yake kuna taa nyeupe inayowaka muda wote, na mbele yake kuna vidirisha vidogo vinavyofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga au kuuzuia. Hata ukifungua picha nyeusi, taa ya nyuma inaendelea kula chaji.

Kioo cha OLED hakina taa ya nyuma. Kila nukta ni taa yake yenyewe. Penye weusi, taa za pale zimezimwa kabisa.

Tofauti hiyo inakupa njia ya kupima bila kuwa fundi. Ziba kamera kwa kidole, piga picha, kisha ingia chumba chenye giza uifungue picha hiyo ijae kioo kizima, mwanga ukiwa juu. Kikiwa cha kawaida utaona kijivu kinang'aa hafifu. Kikiwa OLED hutaona kitu, ni kama simu imezimwa. Fanya hivyo kabla ya kulipa, hasa kama unanunua simu iliyotumika. Fanya hivyo pia baada ya fundi kubadilisha kioo, maana viko vioo vya kawaida vinavyofungwa kwenye simu zilizotoka kiwandani na OLED. Hilo si kosa ikiwa umeambiwa na ukalipa bei yake. Ni wizi ikiwa umelipia OLED.

Uzuri wake tuuseme

Sitaki kuonea. Rangi za kioo hiki ni nzuri, na kinaweza kupunguza ulaji wa chaji. Kwa mtu anayelipia kuchaji simu kwenye kibanda cha sola, hilo ni jambo. Lakini faida hiyo ina masharti. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima simu zenye OLED kwa kuzibadilisha kutoka mandhari meupe kwenda meusi. Mwanga ukiwa umefunguliwa hadi mwisho, waliokoa wastani wa asilimia 39 hadi 47 ya umeme. Mwanga ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, kama wengi wanavyotumia ndani ya nyumba, waliokoa asilimia 3 hadi 9 tu.

Ukiwa shambani saa saba mchana unafungua mwanga hadi mwisho, kwa hiyo hapo ndipo akiba ilipo. Tatizo ni kwamba jua la saa saba ndilo linalofanya mandhari meusi yasisomeke. Kwenye kioo cha kawaida, kuweka mandhari meusi hakuokoi chaji ya maana. Kinachookoa ni kupunguza mwanga.

Udhaifu wake na maisha yetu

Kemikali hizi zinaogopa unyevu na hewa. Kiwandani hufunikwa kwa kuzibwa kabisa. Ufa ukifika kwenye tabaka zile, hewa na unyevu vinaingia, na kila vinapofika panakufa. Ndilo lile doa la wino. Haliponi, na gundi au selotepu hailizuii kwa muda mrefu. Kioo cha kawaida mara nyingi kinaweza kupasuka juu na bado ukasoma meseji miezi mingi. Mwenye simu ya OLED yenye ufa wa ndani hana muda huo.

Pili, kemikali zinachakaa kadiri zinavyowaka, na zinazotoa rangi ya bluu ndizo huchoka mapema zaidi. Sehemu inayoonyesha picha ileile kila siku huchakaa kuliko jirani zake, na kivuli cha picha hiyo kinabaki hata ukifungua kitu kingine. Wakala wa fedha anayeacha ukurasa mmoja umewaka tangu asubuhi hadi jioni ajue hilo. Mwenye kibanda umiza anayefikiria kununua televisheni ya OLED naye ajue: nembo ya chaneli na ubao wa magoli vinakaa kona moja mwaka mzima.

Tatu, joto linaharakisha uchakavu huo. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki juani, au iliyoachwa juu ya turubai la kuanikia mpunga, inazeeka haraka.

Sasa linganisha na kazi ambazo simu inatufanyia. Kupokea na kutuma fedha, kumpigia mnunuzi, kupokea ujumbe wa namba ya mbolea ya ruzuku: vyote hivyo simu ya vitufe inafanya. Kwa picha za mdudu unazonitumia, kioo cha kawaida kinatosha kabisa. Kinachoamua ubora wa picha ninayoipokea ni kamera yako, na kioo chako hakihusiki.

Na taa je?

Nimeulizwa pia kuhusu tochi na taa za sola zinazoitwa "oganiki". Taa za OLED za kumulika nyumba zipo duniani, na kampuni kubwa kama Philips na LG ziliwahi kuzitengeneza. Ni bapa nyembamba zenye mwanga mpole na bei kubwa. Ukiona tochi ya bei ya mnadani imeandikwa hivyo, jua hilo ni neno tu.

Taa inayotufaa tunayo tayari, nayo ni LED ya kawaida. Mwanga wake unatoka kwenye fuwele ngumu ya galiamu na nitrojeni inayowaka bluu, iliyofunikwa unga wa njano, na macho yakaona weupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuigundua hiyo taa ya bluu. Wavuvi wa dagaa wa Karema na Ikola hawakungoja tuzo. Wanaofanya kazi usiku ziwani wanajua tofauti kati ya kupampu karabai kwa mafuta ya taa na kuwasha taa ya betri inayostahimili mawimbi na baridi. Mtoto anayesomea kwenye kibatari naye anaijua. Fedha ya ziada ikipatikana, taa nzuri ya LED yenye sola itaisaidia familia kuliko kioo cha kifahari mfukoni mwa mtu mmoja.

Kwa wenzangu wafanyabiashara

Najua wapo watakaosema nawaharibia soko. Hapana. Anayetaka kioo kizuri na ana fedha yake, muuzie. Ila mwambie mambo mawili: ni kioo cha aina gani, na kikivunjika kingine kinauzwa kiasi gani. Muandikie kwenye risiti. Mteja wa kijijini akidanganywa harudi, na kijiji kizima kinasikia. Nawe mnunuzi, uliza bei ya kioo kabla ya kuuliza bei ya simu. Hivyo ndivyo tunavyonunua pampu: kwanza tunauliza kama vipuri vinapatikana Mpanda.

Yule mama

Fundi wa mjini alimtajia bei ya kioo iliyozidi nusu ya bei aliyonunulia simu. Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya vibarua wa palizi. Akaniuliza: "Nitengeneze simu, au nipalilie?"

Nikamwambia apalilie. Magugu kwenye mpunga hayangoji, na mpunga uliozidiwa mapema haurudishi mavuno hata ukipalilia baadaye. Simu itangoja.

Lakini mle ndani ya simu alikuwa ameandika majina ya watu anaowadai mchele na mafuta ya kula dukani kwake. Doa lilikuwa limeshafunika nusu ya chini. Tukakaa palepale chini ya mwembe, yeye akisogeza orodha juu kwa kidole mstari kwa mstari, mimi nikiandika kwenye daftari. Tulipata majina mengi. Mistari ya mwisho haikupanda hadi sehemu inayosomeka, na madeni hayo sasa yako kwenye kumbukumbu yake na uaminifu wa jirani. Laini tukaihamishia kwenye simu ya vitufe ya mwanawe, na jioni ile alituma fedha za vibarua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla msimu wa kuuza haujafika, fanyeni mambo matatu. Andikeni madeni na mauzo kwenye daftari, simu iwe nakala ya pili. Mwenye OLED ainunulie kava, apunguze mwanga, aweke kioo kijizime baada ya sekunde 30. Na mtu akikuuzia kitu kwa neno ulilolisikia kwangu, niulize kwanza kama ni lilelile.

Bado nafundisha mboji. Ila siku hizi nikiitaja oganiki, naongeza sentensi moja: hii tunayoisema hapa ni ile inayooza ikawa udongo. Ile ya kwenye boksi ikioza, umepata hasara.

Tukutane shambani.