TAHARIRI: Tiba ya selimundu isiwe ya matajiri peke yao

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba mpya ya selimundu. Marekani ikafuata Disemba. Madaktari huchukua seli-shina za mgonjwa, huhariri vinasaba vyake maabara, kisha humrudishia mwenyewe ili mwili uzalishe tena hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake.

Wapo wanaohofu kuwa huko ni kubadili maumbile. Lakini seli hizo ni za mgonjwa mwenyewe, na mabadiliko hayo hayarithiwi na kizazi chake. Kutibu maradhi tumeamrishwa.

Kinachotusikitisha ni bei. Marekani ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ilhali wengi wanaozaliwa na maradhi haya wako Afrika. Viongozi wetu wana wajibu wa kudai bei ya haki.

Nasi, ndugu waumini, tusikae kusubiri. Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba hiki, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Basi wachumba wapime damu kabla ya nikaha, na watoto wachanga wapimwe mapema, kwani penisilini, chanjo na dawa ya haidroksiyurea huokoa maisha yao. Maimamu walikumbushe hili misikitini.