Kazi sawa, mshahara sawa: mbona mama bado analipwa kidogo?

Kwenye karatasi, sheria ya kazi ya Kongo haibagui. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 kinasema kwamba hali ya kazi, ujuzi na matokeo vikiwa sawa, mshahara ni sawa kwa wafanyakazi wote, bila kuangalia asili, jinsia wala umri. Lakini kuanzia mashamba ya Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu, mpaka machimbo ya Kambove na Likasi, mama anayefanya kazi kutwa nzima mara nyingi hurudi nyumbani na pesa kidogo kuliko mwanaume.

Sababu si kwamba kazi moja ina bei mbili. Sababu ni kwamba mama hapewi kazi ileile. Shambani, mwanaume hukata miti na kung'oa visiki. Mama hupanda, hupalilia na huvuna. Mapatano ni ya mdomo, na kupalilia huhesabiwa kama kazi ndogo hata kama kunachukua siku nyingi zaidi.

Machimboni ni wazi zaidi. Sehemu nyingi mama hakubaliwi kushuka shimoni, kwa imani kwamba akiingia madini yatapotea. Anabaki juu akiosha na kuchagua mawe, akibeba maji au akipika. Wachimbaji hugawana pesa ya mauzo; mama hulipwa kwa ndoo au gunia, kwa bei iliyopangwa na mwingine. Bei ya shaba au kobalti ikipanda, mgao wa wachimbaji hupanda nayo. Bei ya ndoo haina anayeitetea.

Mgawanyo huu una historia. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliajiri wanaume kwa kazi za mgodi, na mke alipata posho yake kupitia kazi ya mumewe. Baada ya uhuru, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa tarehe 15 Julai 2016 tu. Kwa miaka mingi, pesa ya mama ilionekana kama nyongeza juu ya pesa ya baba.

Wengine husema kazi ya shimoni ni ya hatari, kwa hiyo lazima ilipwe zaidi. Ni kweli, hatari inastahili malipo. Lakini mama anayeinama ndani ya maji machafu, mtoto mgongoni, naye anaharibu afya yake. Tena mawe yasiyooshwa na kuchaguliwa hayauzwi kwa bei nzuri. Thamani anayoiongeza inaonekana kwenye mizani ya mnunuzi, lakini haionekani mfukoni mwake.

Hapo ndipo kifungu cha 86 kinapungukiwa. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, ambao Kongo iliukubali mwaka 1969, unakwenda mbali zaidi: unadai malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa, hata kama kazi hizo hazifanani. Wabunge waingize maneno hayo katika sheria ya nchi. Kulinganisha kazi mbili za namna moja hakumsaidii mama ambaye wanaume hawafanyi kazi yake.

Mengine hayangoji Kinshasa. Koperative za wachimbaji zinaweza kuwapa waoshaji sehemu ya mauzo, na kubandika bei ya ndoo mahali ambapo kila mtu anaisoma. Mwenye shamba anaweza kutaja malipo ya siku kabla jembe halijaingia udongoni, yaleyale kwa mwanaume na kwa mwanamke. Mkaguzi wa kazi naye atoke mjini, afike machimboni na vijijini, maana huko ndiko mshahara hauandikwi popote.