Mgawo wa Dagaa na Msimbo Usiosomeka

Mwanafunzi anayeanza kujifunza kompyuta hudhani kwamba programu huandikwa kwa lugha moja tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Programu nyingi kubwa hutumia lugha mbili: moja yenye kasi, kama C, na nyingine nyepesi, ya skripti, inayoitwa na ile ya kwanza kila inapohitajika. Lua ni mfano mwema wa lugha hiyo nyepesi. Ilibuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazili, na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Tangu 1977 hadi 1992 nchi hiyo iliweka vizuizi vikali dhidi ya kompyuta na programu za kigeni, na wataalamu wake wakazoea kujitengenezea zana zao.

Mathalani, mwanafunzi wa Nansio anaweza kutunga kwa Lua kanuni ya kugawa mapato ya dagaa: gharama za mafuta na taa hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa nusu kwa nusu baina ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Mapato yakiwa shilingi 300,000 na gharama 120,000, kila upande hupata 90,000. Programu kuu ya C, inayotunza hesabu, huweka kanuni hiyo juu ya rundo, kisha mapato, kisha gharama. Halafu huagiza kanuni itekelezwe, ikitaja kwamba imepeleka thamani mbili na inangojea mbili. Lua huziondoa zilizopelekwa na kuacha majibu juu ya rundo lile lile.

Skripti hiyo yaweza pia kugeuzwa mapema, kwa zana iitwayo luac, kuwa msimbo wa baiti. C huuita kwa njia ile ile, lakini binadamu hawezi tena kuusoma kwa macho. Kama kanuni imekosewa na gharama zikatolewa mara mbili, wavuvi wataona 30,000 badala ya 90,000, wala hawatakuwa na pa kuonyesha kosa lilipo.

Manufaa yanayopatikana kwa kupoteza uwazi huo ni haba. Msimbo uliogeuzwa hupakiwa haraka zaidi, lakini ukishapakiwa hauna kasi zaidi, kwa kuwa Lua huigeuza kila skripti kwa namna hiyo hiyo kabla ya kuitekeleza. Msimbo wa toleo la 5.1 hukataliwa na toleo la 5.4. Isitoshe, tangu toleo la 5.2, lililotoka mwaka 2011, Lua haikagui uthabiti wa msimbo huo. Uliotungwa kwa hila waweza kuiangusha programu nzima.

Wapo wasemao kwamba msimbo hufichwa ili watu wasiichezee kanuni. Hoja hiyo huchanganya mambo mawili. Kumzuia mtu asibadilishe faili ni jambo moja, na kumzuia asilisome ni jambo jingine. Faili laweza kufungwa lisiandikwe, na bado likasomwa na kila mwenye haki katika mgawo.

Ukerewe ina funzo lake katika jambo hili. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kuu kwa Kikerewe. Iliyochapishwa mwaka 1980 ni ya Kiswahili, aliyoifasiri mwenyewe. Aliweza kuifasiri kwa sababu maandishi ya asili yalikuwapo, nayo yalisomeka.

Kwa hiyo walimu hawana budi kuwafundisha wanafunzi namna lugha moja inavyoiita nyingine, na pamoja na hilo kuwazoeza kutopokea wala kukabidhi msimbo uliogeuzwa bila asili yake. Kanuni inayogawa jasho la watu haina budi kusomwa na watu hao.