Daftari la wiki: Ua la boga halina siku mbili

Jumatatu

Umande haujakauka na maua ya maboga yamefunguka uani. Tangu masika yaanze kulegea hapa Morogoro nimekuwa nikiamka mapema kuyaangalia, kwa sababu ua la boga halina siku mbili. Hufunguka alfajiri, na jua likishapanda, kufikia saa tano hivi, limeanza kujikunja. Kazi yake ama imefanyika au imeshindikana.

Mmea mmoja hubeba maua dume na maua jike. Dume lina kikonyo kirefu, chembamba. Jike limekalia kiboga kidogo cha kijani, ukubwa wa ndimu changa, na ukikitazama unaweza kudhani boga limeshapatikana. Bado. Nyuki wasipoleta chavua kutoka kwenye ua dume asubuhi ile ile, tena chavua ya kutosha, kiboga hicho hugeuka njano, kikalainika, kikadondoka. Majirani wameniuliza mara nyingi kwa nini maboga yao yanakataa. Wengi hudhani ni udongo, wakaongeza samadi. Majani yakashamiri hadi yakapanda ukuta, na viboga vikaendelea kudondoka vile vile.

Leo nimesimama nusu saa mbele ya maua jike manne. Wamekuja nyuki wawili. Nikachuma ua dume, nikanyofoa petali zake, nikabaki na kile kijiti chenye unga wa njano, nikakipaka taratibu katikati ya kila ua jike. Njia hii inasaidia kweli, na mwenye mashina mawili matatu uani aitumie bila kusita. Lakini nyuki wawili kwa nusu saa, katika mtaa wenye miembe, mipera na mipapai kila nyumba, ni wachache mno.

Jumanne

Nimevuka kijito kumjulia hali mzee mmoja anayefuga nyuki ng'ambo, mbali na nyumba za watu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone mwenyewe."

Chini ya mizinga yake miwili ya mbao nyuki walikuwa wamelala wafu, wengi kiasi kwamba ardhi ilionekana ya kahawia. Wachache waliobaki hai walikuwa wakijizungusha chini kama waliopoteza dira, mabawa yanatetemeka, hawaruki. Mzee aliokota mfu mmoja akamweka kwenye kiganja changu. Ulimi ulikuwa umetoka nje, mwembamba kama uzi, umenyooka. "Ukiuona ulimi umetoka hivi," alisema, "ujue amekula dawa." Wafugaji wa nyuki wengi wanaijua dalili hiyo. Nimemtazama yule nyuki kwa muda mrefu. Miguu yake ya nyuma ilikuwa bado imebeba vifurushi vya chavua. Alikufa akirudi nyumbani na mzigo.

Dawa imetoka kwenye bustani za bondeni, ambako nyanya zimepandwa zikipakana na matango na matikiti. Nami sitaki kumhukumu mwenye nyanya haraka. Mwaka 2014 aliingia nchini mdudu ambaye wakulima wetu wamempa jina la kantangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Kiwavi wake hujichimbia njia ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kisha anahamia kwenye tunda. Akiwa humo ndani, dawa nyingi za kupulizia hazimfikii vizuri. Mtu ameweka bondeni fedha za ada ya watoto, anaona shamba linakauka mbele ya macho yake, atafanyaje? Anajaza bomba, anapulizia. Wiki inayofuata anapulizia tena, safari hii amechanganya dawa mbili. Kantangaze anazidi kuwa sugu, na anayelipa ni nyuki aliyekuja kwenye ua la tango.

Na mwenye nyanya naye analipa. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe likitikiswa na upepo, lakini hufanya vizuri zaidi likitembelewa na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa kenchi za nyumba zetu. Huling'ang'ania ua na kutetemesha misuli ya kifua hadi chavua inamwagika. Ukisimama karibu utasikia mvumo unabadilika ghafla, unakuwa mkali na mfupi. Bilinganya na ngogwe vivyo hivyo. Dawa ikiwaondoa hao, mkulima amejipunguzia mavuno kwa mkono wake.

Kuna njia nyingine za kupambana na kantangaze: kuchuma majani yaliyochimbwa na kuyaharibu mapema, kuweka mitego ya harufu inayovuta madume kwenye beseni la maji ya sabuni, na kutopanda nyanya mahali palipotoka nyanya, bilinganya au viazi mviringo. Zinachosha kuliko bomba, ni kweli.

Jumatano

Tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2017 kwa pendekezo la Slovenia, nchi alikozaliwa Anton Janša mwaka 1734, mtu aliyefundisha ufugaji nyuki mjini Vienna. Ni heshima inayomstahili. Kwetu mimi humkumbuka Mnyamwezi wa Tabora asiyejulikana jina, aliyetundika mzinga wa gome juu ya mti wa miombo karne nyingi kabla yetu, akapanda usiku na moshi wake akashuka na asali na nta. Nta ile ilikuwa bidhaa kubwa ya kuuza nje tangu enzi za Wajerumani. Ubaya wa mzinga wa gome ni kwamba mti uliochunwa gome kuzunguka shina hufa, na miombo ndiyo inayowalisha nyuki wenyewe. Ndiyo maana Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo Tabora kinafundisha mizinga ya mbao.

Mbali kidogo, kule Sagalla nchini Kenya, jirani na Tsavo, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka; tembo anawaogopa nyuki na huondoka. Mtafiti Lucy King ndiye aliyeufanyia kazi mpango huo pamoja na wanakijiji. Mahindi yanabaki na asali inauzwa. Huwa nafurahi kila ninapoufikiria.

Alhamisi

Mama mkwe wangu amefika kutoka Shinyanga na mfuko wa nsansa. Kwa asiyeijua: ni majani ya kunde yaliyochemshwa kidogo, yakakamuliwa, yakaanikwa hadi kukauka. Kule kwao huanikwa juu ya majabali. Ukiyapika na karanga zilizotwangwa hutatamani nyama. Ameleta pia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikiwa vibichi na kukaushwa, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Hapo kuna akiba ya miezi kadhaa kwenye mfuko unaobebwa kichwani.

Tumekaa jikoni pamoja kukausha mchicha wangu na majani ya kunde ya uani, maana wiki hii yameiva yote kwa mpigo. Nimemwangalia mikono. Hajazi sufuria: anaingiza konzi moja ya majani kwenye maji yanayochemka, anahesabu kimoyomoyo, anatoa yakiwa bado ya kijani kibichi, anayachovya kwenye maji baridi, anayakung'uta. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akakataa kuyaanika juani.

"Mama, huko kwenu si mnaanika juu ya mawe?"

"Tulikuwa tunaanika mwanangu. Mabibi shamba wakatufundisha kivulini. Na kweli, rangi inabaki."

Ni kweli, na si rangi peke yake. Jua kali linaharibu sehemu kubwa ya karotini, ambayo mwili wetu huigeuza kuwa vitamini A, na mboga za majani ndizo tegemeo la watoto wengi kwa vitamini hiyo. Tumetandaza majani kwenye wavu wa mbu uliofungwa kwenye fremu ya mbao, chini ya varanda penye upepo, tukafunika kwa shuka jepesi dhidi ya nzi. Yakivunjika mkononi kwa sauti ya karatasi kavu ndipo yanapoingia kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana.

Tumezungumza pia juu ya Ilula, pale barabarani Iringa, ambako nyanya zikifurika unaona matenga yamepangwa na bei imeanguka. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo kilo 10 zikikaushwa zinabaki chini ya kilo moja, nazo hudumu. Ukitaka kuzihifadhi kwenye chupa, ongeza maji ya ndimu kabla ya kuchemsha. Na hapa naomba nisikilizwe: mchicha, maharage na mboga nyingine zisizo na uchachu usizifungie kwenye chupa kwa kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka, kisha huamka ndani ya chupa isiyo na hewa na kutengeneza sumu inayoua. Mboga hizo zikaushe.

Bakteria huyo huyo ndiye sababu ya madaktari kukataza asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Mtu mzima haimdhuru. Bibi wanaowalambisha vichanga asali wanafanya kwa mapenzi, lakini waambiwe kwa upole wasubiri.

Ijumaa

Rafiki amenirudishia chupa ya asali. Imeganda, anasema, kwa hiyo imetiwa sukari. Nimeisikia hoja hii miaka yote na inawaumiza wafugaji waaminifu. Asali yenyewe ni sukari za aina mbili hasa, glukosi na fruktosi, na glukosi hupenda kuganda kukiwa na baridi, kama hali ya hewa ya Juni inayokuja. Iweke chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, yasiyounguza kidole, itarudi kuwa nyepesi. Usiichemshe.

Cha kuogopa zaidi ni asali mbichi, iliyovunwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta. Nyuki huleta maji matamu ya maua na kuyapepea kwa mabawa hadi yazidi kuwa mazito. Wakiridhika ndipo wanapoziba. Kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi, asali inachacha, inatoa povu na kunuka pombe. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni kama masega yalikuwa yamezibwa. Njiti ya kibiriti, ile ambayo watu huichovya kwenye asali na kuiwasha, haiwezi kukujibu hilo.

Jumamosi

Wanaotaka nyuki uani huniandikia kuuliza waanzeje, na wengi wana kiwanja cha hatua ishirini kwa thelathini. Hapo siwezi kuwaambia waweke mzinga wa nyuki wakubwa. Nyuki wetu wa Kiafrika wakichokozwa hutoka kundi zima, na mbuzi aliyefungwa kamba karibu na mzinga hana pa kukimbilia. Mizinga hiyo inataka eneo lililo mbali na nyumba, njia na mazizi, kama alivyofanya yule mzee wa ng'ambo.

Kwenye kiwanja kidogo wapo nyuki wadogo, wale wasiouma. Leo nimekwenda kuwaona kwa mama mmoja anayeishi chini ya milima ya Uluguru, ambaye amening'iniza kipande cha gogo chini ya paa la banda lake, usawa wa macho. Mlango wao ni kijibomba cha nta, kipana kama bua la mpunga. Nimesogeza uso hadi karibu kabisa. Walinzi kadhaa wamejipanga ukingoni, vichwa vimetokeza, wanamkagua kila anayeingia. Kundi lilikuwa likitoka na kurudi kwenye mrehani na giligilani zilizotoa maua madogo. Ndani hawajengi masega ya asali. Huihifadhi kwenye vyungu vidogo vya nta na utomvu. Ni nyepesi, ina uchachu, na haitoki nyingi, lakini hununuliwa kwa bei ya juu kuliko ya nyuki wakubwa. Kwa kuwa ina maji mengi, ni vyema ikae kwenye friji.

Ameniambia kundi lilikuja kwenye gogo lenyewe, baada ya yeye kupaka ndani nta ya zamani. Amepanda matembele, mnafu na mchicha kuzunguka banda, na sehemu ya mchicha anaiacha itoe mbegu kwa ajili ya msimu ujao. Hapulizii chochote.

Jumapili

Viboga vitatu kati ya vinne nilivyovipaka Jumatatu vimeanza kunenepa. Cha nne kimedondoka.

Mzee wa ng'ambo amebakiwa na mzinga mmoja wenye uhai. Amekwenda mwenyewe bondeni kuzungumza na wenye bustani, na wamekubaliana naye. Naomba na ninyi wasomaji mkubaliane na jirani zenu kwa namna hiyo hiyo: kama ni lazima kupulizia dawa, isiwe kwenye mimea iliyo na maua wala asubuhi nyuki wakiwa kazini. Pulizia jioni, baada ya saa kumi na mbili, wakiwa wamesharudi kwenye mizinga, na mwenye mizinga umwambie siku moja kabla.